Nyuma ya Kadi

Ugomvi wenyewe ulianza na chungwa, na anayesema watu wazima hawagombani kwa chungwa hajawahi kufanya kazi ofisini.

Kila siku saa nne asubuhi Mzee Nukta alitoa chungwa mfukoni mwa koti, akalimenya kwa kisu kidogo cha kuchongea penseli, akalipasua katikati. Nusu aliila mwenyewe, nusu alimpa msaidizi wake. Walifanya hivyo miaka kumi na mitano, wawili tu, katika vyumba viwili vya ghorofani juu ya karakana ya seremala, msumeno ukilia chini yao na vumbi la mbao likipenya mpaka ndani ya droo. Walikuwa wakitunga kamusi ya Kiingereza na Kiswahili. Mzee ndiye aliyekuwa mhariri mkuu, na jina la Nukta alilipata kwa sababu ungeweza kumpelekea kurasa thelathini zilizokutoa jasho, azisome saa nzima, kisha akurudishie kwa neno moja tu: "Nukta." Maana yake kuna mahali umesahau kuiweka, kaitafute mwenyewe.

Msaidizi alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mke wa fundi cherehani, mwenye miwani iliyofungwa kamba na mwandiko uliosimama wima kama yeye mwenyewe. Alidhani atakula nusu chungwa mpaka kamusi iishe. Halafu, miaka miwili iliyopita, akaja binti mmoja kutoka chuo kikuu, na siku ya kwanza tu mzee akaligawa chungwa mafungu matatu.

Hapo ndipo mama wa chai, mwanamke ambaye ulimi wake haukuwahi kufungwa breki, alipowabatiza wote wawili. "Kha! Kumbe mzee kaongeza jiko!" alisema, akacheka mpaka birika likamtikisika mkononi. Tangu siku hiyo mkubwa akawa Bi Mkubwa, mdogo akawa Bi Mdogo, na majina yakashika. Bi Mdogo alicheka kwa moyo. Bi Mkubwa naye alicheka, lakini kicheko cha meno tu.

Tuseme ukweli: alimwonea gere. Hakuanza kwa ubaya. Yeye ndiye aliyemfundisha yule binti kuishika kalamu ya wino mweusi isichafue kadi, akamfundisha kupanga droo, akamwonyesha hata ubao wa ngazi unaokatika ukiukanyaga katikati. Lakini kidogo kidogo Mzee Nukta alianza kusema, "Hebu muulize Bi Mdogo." Akiletewa kazi ya binti alikuwa akifumba macho na kutikisa kichwa taratibu, jambo ambalo Bi Mkubwa alilipata labda mara nne katika maisha yake yote. Na mafungu ya chungwa hayakuwa sawa. Mtu asimwambie kitu. Alikuwa akihesabu vipande. Siku moja Bi Mdogo alipata vinne, yeye vitatu, na kimoja kati ya hivyo vitatu kilikuwa na kokwa mbili. Kijiba cha roho kikamkaa hapo, hakikutoka.

Sasa ni lazima ujue jinsi kazi yao ilivyokuwa ikifanyika, maana bila hilo mambo ya Ijumaa hayaeleweki.

Kila neno lilikuwa na kadi yake. Mbele ya kadi waliandika neno la Kiingereza, maumbo yake yote, na maana yake kwa Kiswahili. Nyuma waliandika mfano. Na kwenye mfano Mzee Nukta alikuwa na sheria aliyoishika kama dini: hakuna kutunga. Mfano lazima utoke kinywani mwa mtu, uusikie kwa masikio yako, na chini yake uandike nani kasema, wapi, siku gani. Ndipo uufanyie Kiingereza chake. Zamani, kabla ya Bi Mkubwa, kulikuwa na kijana wa watu aliyeandika sentensi tamu kuhusu sungura. Mzee akamuuliza, "Nani kasema?" Akajibu, "Nimetunga." Siku hiyohiyo alishuka ngazi na mwavuli wake, hakupanda tena.

Bi Mkubwa hakuwahi kudanganya nyuma ya kadi. Hata mara moja. Kadi ya "stubborn" mpaka leo ina sentensi aliyoambiwa na mumewe siku walipogombana, na chini yake imeandikwa: mume wangu, chumbani, Jumapili. Fundi alipopata habari alinuna wiki nzima, lakini kadi haikutoka. Huo ndio ulikuwa utajiri wa Bi Mkubwa. Wengine wana mashamba, yeye alikuwa na nyuma za kadi zisizo na uongo.

Jumatatu ya wiki tunayoizungumzia, Mzee Nukta aliwaita mezani kwake. Shingoni alikuwa na ule ufunguo wake, ufunguo wa kabati kubwa la kadi, ambao hakuna aliyewahi kuuona ukiwa mahali pengine.

"Herufi A imekwisha," alisema. "Imebaki kadi moja tu, imenikwama kooni."

Akawawekea karatasi. Juu yake kulikuwa na neno moja: "antagonize".

"Hili walimu wanaotukagulia kadi wamelirudisha mara mbili. Tuliandika 'kuchokoza'. Wakasema, mtoto anamchokoza paka, na jioni paka huyohuyo analala mapajani pake. Tukaandika 'kuudhi'. Wakasema hata mvua inaudhi, na mvua si adui wa mtu. Sasa nataka kadi mbili, kila mmoja ya kwake, Ijumaa saa nne." Akaushika ufunguo. "Macho yangu yamechoka. Herufi B sitaianza mimi. Ijumaa hiyohiyo nitasema nani anabaki na huu."

Bi Mkubwa aliutazama ufunguo mpaka macho yakamwuma. Aliutaka. Aliutaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote tangu aolewe, na kama angekuwa peke yake angesema hivyo kwa sauti. Miaka kumi na saba ya vumbi la mbao, halafu ufunguo umwendee mtu ambaye hata ngazi hajaizoea?

Jioni hiyo, huku mumewe akipiga pindo la suruali, alikuwa akizungukazunguka chumbani anayasoma maumbo kwa sauti. "Antagonize, antagonizes, antagonized, antagonizing."

"Hilo ni tusi?" fundi aliuliza bila kuinua kichwa.

"Ni kumfanya mtu awe adui yako."

"Aa. Basi Kiswahili chake rahisi. Nimemchokoza, nilimchokoza, nitamchokoza."

"Siyo kuchokoza! Kuchokoza kunaweza kuishia hewani. Hili mpaka yule mtu akuchukie."

Fundi akakata uzi kwa meno. "Na huo mfano utausikia wapi, mke wangu? Watu siku hizi wanachukiana kimyakimya."

Swali hilo ndilo lililompa Bi Mkubwa akili mbaya. Ikiwa mfano haupatikani, si unaweza kuchochewa? Akimtia Bi Mdogo hasira kidogo, binti atalipuka, atasema neno zito, na neno hilo litakuwa mfano halali, na masikio yake mwenyewe ndiyo mashahidi. Tena Mzee Nukta atayaona makucha ya kipenzi chake. Alilala usingizi mzuri sana.

Jumanne asubuhi Bi Mdogo aliingia, akaweka mkoba, akasema kama kawaida, "Shikamoo, Bi Mkubwa."

Bi Mkubwa aliendelea kupanga kadi.

"Shikamoo," Bi Mdogo alirudia, akidhani msumeno umemeza sauti yake.

Bi Mkubwa akavuta kadi nyingine. Mtu anayejua maana ya shikamoo kukosa marahaba anajua kwamba kofi lina nafuu. Bi Mdogo alisimama pale kidogo, akaenda kukaa. Saa sita alileta glasi mbili za maji, moja akaiweka mbele ya Bi Mkubwa.

Alasiri Bi Mkubwa akaona aongeze moto. Akasema meza ya Bi Mdogo inaziba mwanga wa dirisha, na kwamba watu waliokuja jana mahali pao ni mlangoni. Bi Mdogo akaisukuma meza mwenyewe mpaka mlangoni, kwenye upepo unaopeperusha karatasi, akatafuta kipande cha mbao chini kwa seremala cha kuzikandamizia. Alirudi na vipande viwili. "Nimekuletea na wewe," alisema.

Hili lilimkera Bi Mkubwa kuliko tusi. Binti gani huyu asiye na nyongo?

Jumatano alivuka mpaka. Ilikuwa saa ya chai, mama wa chai yupo, mlango wa chumba cha mzee umefungwa. Wanajadili kama Bi Mdogo ataweza kuisimamia herufi nzima peke yake, mama wa chai akasema ataweza, akili anayo. Bi Mkubwa akakoroga kikombe chake, akasema bila kumtazama mtu, "Aliyeshindwa kukaa na mume mmoja ataweza kukaa na maneno elfu arobaini?"

Maana Bi Mdogo alikuwa ameachika mwaka ule. Alirudi kwa mama yake na sanduku moja, na mtu wa kwanza aliyemweleza pale kazini alikuwa Bi Mkubwa mwenyewe.

Mama wa chai aliweka birika chini. "Hilo limepita kiasi, Bi Mkubwa. Wallahi limepita."

Bi Mdogo alikuwa akichonga penseli. Ncha ilivunjika. Akainuka, akatoka nje kwenye ngazi, akakaa huko muda wa kutosha chai kupoa, akarudi uso umeoshwa. Mzee Nukta akafungua mlango wakati huohuo, akamwangalia. "Umelala vizuri, mwanangu?" aliuliza.

Na hapa, badala ya kuona haya, Bi Mkubwa aliona wivu. Mwanangu! Miaka kumi na saba, yeye hajawahi kuitwa mwanangu. Hata machozi ya binti yalikuwa na thamani kuliko jasho lake.

Alhamisi alifunga droo ya maneno ya nusu ya pili ya herufi A, akaenda na funguo ya droo hiyo mfukoni mpaka nyumbani saa za chakula cha mchana, huku akijua Bi Mdogo anaihitaji. Akarudi saa nane. Bi Mdogo alikuwa amekaa, mikono imekunjwa, anasubiri. "Karibu," alisema tu. Mfano haukupatikana.

Kwa bahati, au tuseme kwa bahati mbaya, alasiri hiyo Bi Mkubwa alipitia kibandani kwa mumewe, akakuta mwanamke mteja anapiga kelele: "Fundi, nguo ya wifi yangu umeishona nzuri, yangu umeipinda. Umenitafutia uadui na wewe sasa!" Akaandika palepale: mteja, kibandani kwa fundi, Alhamisi saa kumi. Kadi yake ikakamilika. Hakuwa na haja ya hasira za mtu.

Ijumaa saa nne Mzee Nukta hakutoa chungwa. Alizichukua kadi mbili, akavaa miwani ya kusomea juu ya ile ya kutembelea.

Ya Bi Mkubwa ilikuwa juu. Maumbo manne yamepangwa mstari mmoja, hakuna kosa. Maana: kumchokoza mtu hadi akuchukie. Aliigeuza, akasoma mfano, akasoma nani, wapi, siku gani. "Nzuri," alisema. "Kadi safi."

Kisha ya Bi Mdogo. Maana: kumgeuza mtu kuwa adui yako, kwa neno au kwa tendo. Mzee akafumba macho. Akatikisa kichwa, taratibu, mara mbili. Bi Mkubwa alizihesabu.

Mzee akaigeuza kadi. Nyuma palikuwa na mstari mmoja: Wiki hii sikusikia mfano.

"Hukusikia?" aliuliza.

"Sikusikia," Bi Mdogo alijibu, akiangalia meza.

Chini msumeno ulinyamaza, kama seremala naye anasikiliza. "Basi sheria ni sheria," alisema mzee. "Kadi isiyo na mfano haiingii." Akautoa ufunguo shingoni, polepole, kamba ikamgusa sikio. Akausukuma kwenye meza mpaka mbele ya Bi Mkubwa. "Nusu chungwa na nusu, tumetoka mbali. Ni wako."

Bi Mkubwa aliuchukua. Ulikuwa na joto la kifua cha mtu. Alitaka kulia. Na angenyamaza dakika moja tu, dakika moja, hadithi hii isingekuwepo.

Lakini mzee alikuwa bado ameishika kadi ya Bi Mdogo. "Hata hivyo nataka niseme," aliongeza, "mtu mwingine angetunga. Cheo kiko mbele yake, mstari mmoja tu wa uongo, na asingejulikana. Huyu kaandika sikusikia. Mwanangu, sijaona nyuma ya kadi yenye ukweli kama hii."

"Ukweli?" alisema Bi Mkubwa.

Neno lilimtoka lenyewe. Wakamgeukia.

"Ukweli upi? Miaka kumi na saba mimi sijaandika uongo, hata mume wangu nimemwandika, leo ukweli ni wa huyu? Huyu ni mwongo! Amedanganya nyuma ya kadi! Amesikia! Jumanne kaniamkia mara mbili sikumwitikia, hakusikia hilo? Nikamwambia mahali pake mlangoni, hakusikia? Jumatano nikamwambia aliyeshindwa kukaa na mume mmoja hawezi kukaa na maneno, hapahapa, mama wa chai shahidi, akatoka akalia. Jana nikaondoka na funguo makusudi! Wiki nzima ninamchokoza, ninatafuta anitukane nipate mfano, halafu anaandika hakusikia! Mwongo!"

Alipomaliza alikuwa anahema. Ndipo aliposikia mwenyewe alichokisema.

Mama wa chai, aliyekuwa mlangoni na sinia, alinong'ona, "Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole."

Mzee Nukta hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alifungua kalamu ya wino mweusi, akaivuta kadi ya Bi Mdogo, akaigeuza. "Bi Mdogo," alisema, "umedanganya nyuma ya kadi?"

"Ndiyo, mzee."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu sisi tutaondoka, kadi zitabaki. Huyu ndiye aliyenifundisha kushika kalamu. Sikutaka abaki mle drooni kwa maneno yale."

"Niliwahi kumfukuza mtu kwa sungura," alisema mzee. "Yeye alidanganya ili apate. Wewe umedanganya ili ukose. Haya. Sasa nipe ukweli. Ulimchukia?"

Bi Mdogo alifikiri kama mtu anayepima maana ya neno. "Jumanne nilidhani anaumwa. Jumatano nililia, lakini nikajiambia, mwalimu wangu ana haki ya kunikasirikia siku mbili tatu. Jana nilisubiri tu." Akainua uso, na kwa mara ya kwanza wiki ile akamwangalia Bi Mkubwa machoni. "Hapa aliponiita mwongo, kwa jambo nililomfichia yeye. Hapa ndipo nimemchukia."

Kalamu ya mzee ilianza kukwaruza. Aliandika sentensi yote kama ilivyosemwa, na chini yake: Bi Mdogo, ofisini, Ijumaa, saa nne na robo. Pembeni akaongeza nani katendewa na nani katenda, majina yote mawili. Akagonga ncha ya kalamu mwishoni.

"Nukta," alisema.

Halafu akanyoosha mkono mtupu juu ya meza. Hakuwa na haja ya kusema anataka nini. Bi Mkubwa aliuweka ufunguo kwenye kiganja chake, na mzee akampa Bi Mdogo.

Kupanga kadi ilikuwa kazi ya Bi Mkubwa, na hakuna aliyemwambia iwe ya mtu mwingine. Bi Mdogo akafungua kabati, akavuta droo, akaishikilia bila kutazama pembeni. Bi Mkubwa akaitia kadi ya Bi Mdogo mahali pake kwa mkono wake, kati ya "ant", sisimizi, na "antelope", swala, akasukuma droo ikafunga.

Jumatatu aliwahi kufika. Alikuwa amekesha na neno moja, ameliandaa tangu Jumamosi: marahaba. Angeitikia kwa sauti, mara mbili ikibidi, mama wa chai asikie, seremala asikie. Meza ya Bi Mdogo alikwisha kuirudisha dirishani mwenyewe, peke yake, mgongo ukimuuma.

Mlango ukafunguka. Bi Mdogo akaingia na ufunguo shingoni. Akapita mbele yake mpaka kwenye kiti cha mzee, akaweka mkoba, akatoa chungwa, akaliweka mezani bila kulimenya.

"Habari za asubuhi," alisema, vile unavyomsalimia mtu wa rika lako usiyemjua.

"Nzuri," alijibu Bi Mkubwa.